Santimu Iliyozibwa Tundu

Jioni ile mama alikuwa amebakiza fungu moja la karanga.

Soko la Kasongo lilikuwa limekwisha. Watu wa mbali walikuwa wameondoka zamani, vitunga vichwani, na moshi wa mawese yaliyokuwa yakichemshwa nyuma ya nyumba ulikuwa umeshuka chini, umelala juu ya barabara. Nilikuwa nimekuja kumsaidia mama kubeba mizigo. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, mikono magotini. Nyuma yake, juu ya mkeka, mdogo wangu Faida alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, maganda ya karanga yamemjaa kifuani.

"Huyu anakula biashara, halafu analala juu yake," mama akaniambia. Lakini alikuwa anacheka.

Faida ndivyo alivyokuwa. Alikuwa msichana mkubwa, mahari yake ilikuwa imeshaanza kuzungumzwa, lakini bado alipiga mluzi njiani kama mchunga mbuzi. Wazee wakimkemea kwamba mluzi wa mwanamke unaita nyoka, aliwajibu: "Basi waje, tuwapike."

Kabla hatujamwamsha, alikuja mwanamke.

Sikumwona akitokea. Nilisikia harufu kwanza. Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, ule wa chini kabisa, wenye maji... Nikageuka, na yeye alikuwa amesimama mbele ya kitunga cha mama. Mrefu. Amejifunga kikwembe cheusi mpaka kidevuni. Miguu yake ilikuwa mitupu, na ilikuwa safi. Kiangazi chote kile, vumbi likitufika magotini, na miguu yake ilikuwa safi.

"Kilichobaki hiki," alisema polepole, "unaniuzia?"

Mama aliangalia karanga. "Ndiyo mama, chukua. Ndicho cha mwisho."

"Sema umeuza."

Mama akacheka kidogo, kama mtu anavyomchekea mgeni asiyejua desturi za mahali. "Nimeuza, mama. Chukua, na sisi twende kwetu."

Yule mwanamke aliweka santimu katika kiganja cha mama, akakifunga kiganja kile kwa vidole vyake mwenyewe, kidole baada ya kidole, kama anafunga mzigo. Nilimwona mama akishtuka mabega.

Karanga hakuzigusa. Aligeuka, akaondoka.

"Mama, umesahau kitu chako!" nilimwita.

Hakuangalia nyuma.

"Nitatuma kuchukua," alisema.

Wakati ule wa Wabelgiji, kabla ya vita vya pili, pesa za watu kama sisi zilikuwa zile santimu zenye tundu katikati. Falanga nzima mtu aliishika siku ya kodi, akaachana nayo siku hiyohiyo. Santimu ndizo zilizonunua chumvi ya kiganja, kiberiti, sindano, kipande cha sabuni. Tundu lilikuwa faida yake: tulizitunga katika uzi wa mgomba, na wanawake walizifunga kiunoni chini ya kikwembe. Mwanamke akitembea, unaisikia mali yake. Watoto wachanga walivalishwa moja shingoni ili degedege isiwapate.

Ile ya yule mwanamke ilikuwa imezibwa tundu. Kitu cheusi kama nta, kigumu, na ndani yake unywele umejikunja. Mama alijaribu kukitoboa kwa mwiba. Mwiba ukavunjika.

"Haitungiki hii," akasema, akijifuta kiganja kwenye kikwembe. "Na baridi yake! Anastasie, kimbia kwa Baba Lukumani ulete chumvi. Toa hiihii, kabla haijanipotea."

Nikaenda. Lukumani alikuwa anafunga duka lake. Aliigeuzageuza ile santimu, akakunja uso, akanipimia chumvi.

Niliporudi, mama alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, anamtikisa Faida. Alikuwa amemtikisa muda mrefu. Kilemba chake kilikuwa kimeanguka. Hatimaye Faida alifungua macho. Alituangalia kama mtu anavyowaangalia watu wa ng'ambo ya mto.

"Nani ameniita?"

"Ni miye, mama yako."

"Hapana," Faida alisema. "Mwingine."

Njia yote ya kurudi nyumbani hakupiga mluzi.

*

Asubuhi yake tulikuta miguu yake imejaa matope.

Matope meusi, mabichi, mpaka vifundoni. Kwetu udongo ni mwekundu, na mvua haikuwa imenyesha.

"Faida, ulitoka usiku?"

"Sikutoka, yaya," alinijibu mimi dada yake mkubwa. "Niliota tu."

"Uliota nini?"

Alifikiri kidogo. "Kulima."

Asubuhi iliyofuata viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Jioni mama alisukuma kinu kikubwa mpaka mlangoni, akafunga mkono wa Faida kwenye mkono wake mwenyewe kwa kitambaa, fundo juu ya fundo. Kulipokucha, kinu kilikuwa mahali pake. Mafundo yalikuwa vilevile. Na matope yalikuwa yamempanda Faida mpaka magotini, yanadondoka kwenye mkeka... to, to, to.

Akaanza kulala mchana kutwa. Alikula asishibe. Mgongo ulimpinda, yeye ambaye alikuwa amenyooka kama mchikichi. Siku moja, nikimwosha mikono, alinivuta sikio karibu na mdomo wake. Pumzi yake ilinuka udongo.

"Yaya, nimechoka. Mwombe mama aniombee ruhusa, nisiende leo."

"Usiende wapi?"

Aliangalia mlango. Akaweka kidole kwenye midomo yake.

Mjomba wetu Jean-Marie, aliyekuwa mkatekista, alikuja kusali, akamvalisha rozari yake ya mbao. Majirani Waislamu walileta kombe, maji yaliyooshea aya, akanywa. Sote tulilala na moyo mwepesi kidogo. Asubuhi tulikuta matope. Rozari ilikuwa imetundikwa kwenye mti wa mlango, kwa ndani, vizuri kabisa, kama mtu anavyotundika kofia yake kabla ya kwenda kazini.

Jean-Marie aliichukua, akaitia mfukoni. Hakurudi tena kusali nyumbani kwetu. Simlaumu.

Ndipo mama alipomwita Mama Binti. Alikuwa mganga, Mbangubangu wa upande wa Kabambare, aliyekuwa amemfuata mume wake huku Kasongo. Hakuingia ndani. Alisimama uani, akavuta hewa puani, akarudi nyuma.

"Mumeuza nini?" aliuliza.

"Tunauza karanga, mama," mama alijibu. "Kila siku."

"Kuko mutu alinunua na hakubeba?"

Mama aliniangalia. Nikaangalia pembeni ya jiko. Lile fungu lilikuwa pale bado, katika kitunga kidogo, limefunikwa jani. Mama hakutaka kuuza tena kitu cha mwenyewe. Alikuwa anamsubiri atume.

Tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kichwani.

"Mama," alinong'ona, "umeuza mutu."

"Niliuza karanga!"

"Karanga si iko hapa? Yeye alinunua kilichobaki. Nyuma ya karanga kulikuwa nani?"

Mama alikaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, palepale mavumbini, kama mtu ambaye mifupa yake imetolewa.

Mama Binti hakutaka malipo. Alisema dawa ya jambo lile ni moja: kurudisha makuta, ile pesa. Ile yenyewe, si ndugu yake. Iwekwe kwenye njia panda jua likizama, na mama mwenyewe aseme, *hatuuzi*.

"Lakini mufanye mbio," alisema, akiwa ameshageuka. "Kabla hajatuma mutu kuchukua. Sasa hivi anamujaribu tu. Kama vile mutu anajaribu jembe."

*

Nilikwenda kwa Lukumani nikikimbia.

"Ile isiyo na tundu?" alisema. "Binti yangu, haikukaa hapa. Kamba yangu iliikataa. Asubuhi iliyofuata nilimrudishia Aziza wa sabuni, kama baki yake."

Aziza nilimkuta anakata sabuni kwa uzi. Alisugua kiganja chake alipoisikia ile santimu ikitajwa. "Nilikuwa navuka Lualaba, nikamtolea Musafiri ile kwanza. Mukono ilikuwa inaniuma, Anastasie. Baridi inapanda mpaka huku." Alionyesha bega.

Nikashuka mtoni. Musafiri mvushaji alikuwa anakausha mtumbwi. Yeye hakutunga pesa zake. Alizitia katika kopo chini ya kiti chake.

"Ilikuwa inagonga," aliniambia.

"Inagonga vipi?"

"Ndani ya kopo. Mtumbwi umetulia, maji yametulia, na kopo linalia. Ko... ko... ko. Kama mutu anabisha hodi." Alitemea maji mate. "Nikaitia katika kodi ya Wazungu. Bula Matari, serikali yao, akule baridi yake."

Wote waliitoa kwanza kabla ya nyingine, kwa sababu ileile iliyomfanya mama aitoe: haitungiki. Na mimi nilikuwa naifuata mkono kwa mkono, na kila mkono niliofika ulikuwa mtupu.

Poste, kule juu kwenye ofisi za Wazungu, nilikuwa sijawahi kupanda. Wanawake hawakupanda kule bila kuitwa. Askari alinisukuma kwa kitako cha bunduki; nikarudi. Akanisukuma tena, nikarudi. Mwishowe karani alitoka kuona kelele ni za nini. Alikuwa kijana wa shule ya mapadri, shati jeupe, kalamu sikioni. Nikamwambia nataka santimu moja, na kwamba nitampa badala yake kamba nzima. Nikaifungua kiunoni, nikamwonyesha.

Alicheka. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Na yeye alikuwa na mama yake kijijini.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "makuta ikiingia humu ndani, haina mwenyewe tena. Na magunia ya juzi yametoka. Yamekwenda kulipa watu wa barabara, njia ya Kabambare."

Nilipoaga nyumbani, Faida alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Nilidhani hanisikii. Nilipoinuka, mkono wake ulishika pindo la kikwembe changu. Kiganja kilikuwa kigumu kama gome.

"Usikawie, yaya."

*

Nilifuatana na wabebaji chumvi, kisha nikafuatana na mwanamke mmoja na mbuzi wake, kisha nikatembea peke yangu. Nililala popote paliponikaribisha. Kila kijiji niliuliza: watu wa barabara wako wapi? Mbele, waliniambia. Mbele kidogo. Barabara ile ilikuwa inajengwa kama kitu kinachonikimbia.

Niliwapata karibu na mto Luama, jua likiinama. Walikuwa wamekaa kando ya vibanda vyao vya majani, sululu zimelala, wanapika. Kapita wao, msimamizi wa kazi, aliitwa Gérard, mtu mzima, mwenye kovu shingoni. Nilimpigia magoti. Nikamweleza yote, maana nilikuwa sina tena nguvu ya kuficha.

Hakucheka. Aliwageukia watu wake. "Nani alipata makuta imezibwa tundu?"

Kijana mmoja alinyanyua mkono akitabasamu. Ismaël, walimwita. "Ni miye. Lakini nimekwisha kuiuza!"

"Kuiuza?"

"Jana jioni. Alipita mama mmoja, mrefu, anauliza kibanda kwa kibanda. Alikuwa anatafuta ileile tu. Nikamwonyesha, akanipa kuku. Kuku muzima kwa santimu moja!" Alicheka, akawaangalia wenzake wacheke. Hakuna aliyecheka. Tabasamu lake likafa polepole. "Tuliichinja," alisema. "Haikutoa damu."

Sufuria zilikuwa zinachemka. Hakuna aliyezigusa.

"Alisema anakwenda wapi?" niliuliza. Sasa sikuwa tena na cha kurudisha njia panda.

Ismaël alinyoosha kidole upande nilikotoka.

"Kuchukua kitu chake."

*

Sitasimulia njia ya kurudi. Siikumbuki vizuri. Nakumbuka damu kwenye vidole vya miguu, na kwamba sikuomba Mungu, kwa sababu sikujua nianze na neno gani.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Mikono yake ilikuwa mbele yake, imenyooka kidogo, vidole wazi, kama bado imeshika kitu. Alifungua mdomo kunisalimu na haikutoka sauti. Pumzi tu. Ilibidi niinamishe sikio.

"Alikuja," mama alinong'ona.

Nilimuuliza siku. Akanitajia. Ilikuwa siku ileile ambayo Ismaël alipewa kuku, kule Luama. Jioni ileile.

Alinisimulia kwa pumzi, akipumzika kila neno. Jua lilikuwa linazama. Alikuwa amemshika Faida mkono, wote wawili wamekaa sakafuni, mlango umefungwa. Ndipo mtu alipoita nje.

"Faida! Faida, njoo twende."

Mama alikuwa anaijua sauti ile. Ilikuwa yake.

"Nikataka kusema, mwanangu, miye niko hapa, nimekushika... Nikafungua mdomo. Sauti haikuwamo, Anastasie. Ilikuwa nje."

Faida aliinuka. Mgongo umepinda, macho wazi. Alijibu kwa adabu, kama alivyofundishwa: "Naam, mama." Akatoa mkono wake katika mkono wa mama bila kuuvuta, kama unavyotoa mkono katika maji. Akafungua mlango. Akakunja mkeka wake kwanza, akaubana kwapani. Akatoka.

Majirani walifuata nyayo asubuhi. Zilikuwa nyayo za watu wawili, zinashuka kuelekea mabondeni: moja yenye matope, moja safi ambayo ilikuwa haikandamizi hata jani. Zilipofika kwenye majani marefu, watu wakasimama. Wanaume, na mapanga mikononi. Wakasimama, wakaangaliana, wakarudi.

Hatukuwa na maiti ya kuzika. Jean-Marie alikataa kuongoza sala za wafu kwa mtu ambaye hajaonekana amekufa, na Waislamu nao walisema hivyohivyo. Mama aliishi miaka mingi baada ya pale. Sauti yake haikurudi. Nilipoolewa alinibariki kwa mnong'ono, na wajukuu wake walikua wakidhani mabibi wote duniani hunong'ona.

Mvua zilikuja, zikakatika. Siku moja Gérard, yule kapita, alifika Kasongo kwa shughuli zake, akaniulizia sokoni.

"Kuna bonde ng'ambo ya Luama," alisema. "Watu wangu wamekataa kulala karibu nalo. Miye sisemi kitu, mama. Twende tu usikie."

Alinipeleka. Tulifika alfajiri, ukungu mzito, tukasimama juu ya ukingo wa barabara mpya. Hapakuwa na kijiji karibu. Hapakuwa na njia inayoshuka. Lakini chini, pale ukungu ulipopasuka kidogo, niliona shamba. Muhogo, matuta kwa matuta, mpaka macho yanachoka. Hakuna gugu. Udongo mweusi, mbichi, umegeuzwa sasa hivi. Na ile harufu.

Kisha nikasikia majembe.

Pu... pu... pu...

Mengi. Yote pamoja. Hapakuwa na wimbo, wala mtu aliyekohoa, wala aliyemwita mwenzake. Sikuona mgongo wa mtu. Ukungu tu, na majembe.

"Faida!" niliita.

Yakanyamaza.

Yote, mara moja. Bonde zima lilinyamaza, na niliona, nakuapia, niliona kwamba tunaangaliwa. Nilitaka kushuka. Mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga majani. Gérard alinikamata kikwembe kwa mikono miwili, akanivuta mpaka nikaanguka.

"Ukiingia utapewa jembe," aliniambia sikioni.

"Faida, ni miye! Yaya yako!"

Kisha, pu... Jembe moja lilianza. Jingine likafuata. Yakaanza yote kama mwanzo, pamoja, sawasawa.

Isipokuwa moja.

Nililisikia kwa kukosekana kwake. Palikuwa na nafasi yake katika ule mdundo, kama pengo la jino. Nikangoja, tumbo chini, nimeng'ata kikwembe changu. Mtu alikuwa amesimama mle ndani ya ukungu, amenyanyua kichwa, anasikiliza upande wangu. Sikuwa na kitu cha kumwambia. Sikuwa na kitu cha kumpa yule mwanamke, mwenye shamba, ambacho angekubali. Nilisema jina lake mara nyingine, polepole, sijui kama alilisikia.

Kisha na lile jembe nalo likaanza, nyuma kidogo ya mengine, kama jembe la mtu aliyechoka.